Mtu wa Bendi na Vepu Yake ya Kwanza

Kikohozi cha Seth Ackerley kilikuwa kikubwa kuliko Seth mwenyewe. Kikianza pale mlangoni mwa klabu, kondoo wa mlimani huinua vichwa. Mwaka mmoja kiliangusha vigae viwili vya paa la kanisa, ingawa fundi alisema ni upepo. Fundi hakuwapo. Mimi nilikuwapo.

Sasa, kukohoa si kosa kwa mtu anayefuga njiwa au kulima vitunguu. Lakini Seth alikuwa yufonia ya kwanza katika Bendi ya Denholt, na yufonia ni lile tarumbeta nene la shaba unalolikumbatia kifuani kama mtoto aliyeshiba. Katika wimbo wetu wa mashindano kuna mahali bendi nzima inashusha sauti na yufonia ya kwanza inaimba, polepole, kama mume anayeomba radhi nje ya mlango uliofungwa. Ijumaa ya Pentekoste mwaka jana, siku ambayo bendi huzunguka kijiji hadi kijiji zikishindana, hapo hapo ndipo Seth alipokohoa ndani ya tarumbeta. Jaji hufungiwa kwenye karavani, kijumba cha magurudumu chenye mapazia, ili asijue ni bendi ipi inayopiga. Yeye akatangaza kwamba ngoma kubwa iliwahi. Ngoma kubwa napiga mimi.

Kiongozi wetu ni Glenys Thackray. Aliendesha basi la abiria mpaka akastaafu, na hata leo anaongea nasi kama tumepanda bila tiketi.

"Seth," alisema mwezi mmoja kabla ya mashindano ya mwaka huu, mbele ya bendi nzima, "Ijumaa ukikohoa tena, hata mara moja, yufonia ya kwanza namkabidhi Clifford. Wewe utabeba bendera."

Kwetu bendera hubebwa na mtu ambaye pumzi imemwisha lakini hakuna mwenye roho ya kumwambia abaki nyumbani. Clifford Haigh, yufonia ya pili, akasema, "Pole sana, ndugu yangu," kwa sauti ya mtu anayejaribu kofia mpya dukani.

Tulipotoka nje Seth alinishika mkono. "Norris, ile nafasi aliipiga babu yangu, akaipiga baba yangu. Nikiikosa, mimi nabaki nani? Mzee wa kutumwa maziwa."

"Basi acha sigara."

"Nimeshaacha. Naacha kila siku."

Na kweli aliacha. Aliacha kwa nia tupu, na nia ikadumu mpaka chai ya saa nne. Akaacha kwa chingamu ya dawa, ikamponyoka ikazama ndani ya yufonia, na kwa muda wa juma zima tarumbeta lile lilikataa kupiga chochote isipokuwa nyimbo za mazishi. Hapo ndipo nilipomkokota hadi duka la vepu, zile sigara za umeme zinazogeuza majimaji yenye ladha kuwa mvuke, la Jolene Sugden. Zamani palikuwa bucha. Kulabu za nyama bado ziko darini, na Jolene amezining'inizia mabango ya ladha: embe, mnanaa, na nyingine za rangi ambazo Mungu hakuzikusudia.

"Karibuni, vipenzi," Jolene akasema. Yeye kila mtu ni kipenzi, hata askari wa kuegesha magari. Alikuwa anakula chipsi zake zenye siki juu ya kaunta. "Nani anaacha?"

"Huyu. Mimi nasindikiza."

"Haya, niambie, kipenzi. Sigara unaivutaje? Moshi unaushika mdomoni kwanza ndipo unaushusha, au unaupeleka kifuani moja kwa moja?"

"Mama, nimekuja kununua. Sikuja kuungama."

"Jibu, nisije nikakuuzia balaa."

"Mdomoni kwanza," nikajibu kwa niaba yake.

Lakini Seth alikuwa ameshaona anachokitaka. Kidole chake kilielekea rafu ya juu, kwenye vepu moja yenye tangi la kioo, pana kama chupa ya jamu. "Lile."

"Lile ni la watu wa mawingu, wanaopenda kutoa mvuke mwingi," Jolene akasema. "Njia yake ya hewa ni pana, unavuta kifua kizima kama umetoka kupanda mlima. Linataka majimaji mazito yenye nikotini kidogo. Wewe wa sigara, anza na hili." Akaweka mezani kitu chembamba kama kalamu. "Njia ya hewa finyu, unafyonza taratibu kama juisi kwenye mrija. Na majimaji yake mepesi, nikotini ya kutosha, usije ukawasha sigara kabla hujafika kituo cha basi."

"Hicho ni kichupa cha dawa ya macho! Unayajua mapafu yangu wewe?"

"Nayasikia kila asubuhi, kipenzi. Dirisha langu linatazama uani kwako."

Akalijaza lile tangi dogo majimaji ya ladha ya tumbaku, kisha akaliweka chini. Seth akanyoosha mkono, Jolene akaupiga kofi. "Ngoja. Humo ndani kuna koili, kiwaya kinachopata moto, na koili imezungushiwa pamba. Iache pamba inywe kwanza. Ukiwasha ikiwa kavu, utavuta soksi iliyoungua."

Tukangoja. Seth alililinda tangi kama kuku anayeatamia.

"Haya sasa. Mdomoni, bonyeza kitufe."

Hapa lazima nikueleze jambo kuhusu sisi watu wa bendi. Tangu utotoni kitu chochote cha chuma kikigusa midomo yetu, tunakipuliza. Marehemu mjomba wangu alipuliza kipimajoto cha hospitali, na inasemekana kilitoa sauti nzuri tu. Seth akakaza midomo, akajaza kifua, akapuliza kwa nguvu ya miaka hamsini ya nyimbo za barabarani.

Majimaji yakatokea kwenye matundu ya hewa na kutua juu ya chipsi za Jolene.

"Vuta!" Jolene akapiga kelele.

"Nimevuta!"

"Umepuliza!"

Mara ya pili yakampata Jolene kwenye miwani. Sasa kile kitu kikawa kinakoroma, na Seth alipokisikia kinakoroma, akafanya kile ambacho sisi sote hufanya tarumbeta likijaa mate: akakigeuza, akafungua kitako, akakikung'uta sakafuni.

"Huyu," Jolene aliniambia akifuta miwani, "alilelewa wapi?"

"Bendi."

"Aa. Basi nimeelewa."

Akamfundisha kwa mrija wa soda, kama mtoto. Fyonza. Acha. Fyonza. Seth alipojua kufyonza, wakaja kwenye ladha. Ile ya tumbaku aliitema. "Tumbaku gani hii? Hili ni kabati la bibi yangu." Jolene akasema wageni wote huanza na tumbaku na wengi hawaimalizi. Mnanaa ukamuuma meno, na meno yenyewe ni ya bandia. Kisha akapewa kastadi. Akafyonza. Akafyonza tena, macho yakamlegea.

"Hii ni Jumapili mchana," alisema. "Kwa mama yangu."

Tukatoka na tangi dogo na kichupa cha kastadi. Siku zikaenda. Kikohozi kikapungua kikawa cha mbuzi, kisha cha paka, kisha kikawa kama mtu anayetaka kuomba chumvi mezani. Kondoo wakaanza kunenepa. Kwenye mazoezi Glenys alikuwa akimtazama Seth na kufikiri, na Clifford akimtazama Seth na kufikiri, lakini hawakuwa wakifikiri kitu kimoja.

Jumatano ya juma la mashindano Clifford alimtembelea Seth akiwa na mfuko. Nilikuwapo uani, nakunywa chai.

"Ndugu yangu, nimekuletea zawadi. Ilikuwa ya mpwa wangu." Akatoa tangi kubwa, ndugu wa lile la rafu ya juu. "Mtu mwenye pumzi kama yako kufyonza kile kichupa, mimi naona haya kwa niaba yako. Yufonia ya kwanza ni yufonia ya kwanza."

Nikasema, "Jolene alikataa."

"Jolene anapiga nini kwenye bendi?" Clifford akauliza kwa upole.

Ukitaka kumpeleka Seth popote, msifie mapafu. Clifford alipoondoka tu, Seth akamimina kastadi yake yote, ile nyepesi yenye nguvu, ndani ya lile pipa, akavuta kifua kizima.

Sijawahi kuona mtu akigeuka rangi kwa mpangilio vile: nyekundu, nyeupe, kisha kijani ya supu ya njegere. Kikohozi kikarudi pamoja na ukoo wake. Njiwa wangu, nyumba ya tatu, waliruka, na wawili hawajarudi hadi leo. Nasikia wako Ufaransa. Na tangi likawa linavuja mfukoni mwake, taratibu, mpaka kwenye soksi.

Nikamsukuma hadi dukani, kichwa kinamzunguka.

"Umemimina majimaji ya tangi dogo humu?" Jolene akauliza.

"Majimaji ni majimaji."

"Hata wiski ni majimaji, mbona huiogei? Haya ni mepesi, lazima yavuje kwenye matundu mapana kama haya. Na hiyo nikotini umeimeza kwa ndoo badala ya kijiko. Kaa chini. Kunywa maji."

Seth akakaa chini ya kulabu za nyama. "Nirudishie sigara zangu, Norris. Nitabeba bendera. Nitazikwa nayo."

Hakuna aliyecheka. Jolene akachukua lile tangi dogo, akatia koili mpya, akalijaza, akaliweka mbele yake. Tukangoja pamba inywe. Seth akalichukua, akafyonza, taratibu, kama alivyofundishwa.

"Lile kubwa linabaki hapa," Jolene akasema. "Nitapandia maua."

Ijumaa ikafika na baridi yake ya milimani, watu wamejaa barabarani na bia zao, bendi moja inatoka nyingine inaingia. Kikohozi kilikuwa kimetulia, ila hakuna aliyeweza kuapa kwamba kimelala. Tukashuka mtaa tukipiga, tukasimama mbele ya karavani, mapazia yamefungwa, jaji ndani. Glenys akainua mkono, tukaanza.

Kabla ya mahali pake, yufonia hupumzika kidogo makorneti, yale matarumbeta madogo, yakipiga fujo yao. Mimi nilikuwa nyuma tu ya Seth. Nikaona mkono wake unapapasa koti. Ukaingia mfukoni, ukatoka na vepu. Akafyonza. Akafyonza tena. Hofu ilipomzidi akafyonza mara nyingine, haba na haba hujaza kibaba, na kabla hajapumua nje Glenys akamwashiria aingie.

Akaingia. Wallahi ule wimbo ulitoka kama asali, na pamoja nao, mdomoni mwa yufonia, ukapanda uzi mweupe, mwembamba, umenyooka, unanukia kastadi mtaa mzima. Watu wakashusha glasi. Mama mmoja akashika kifua. Uzi ulipanda, ukainama na upepo, ukaenda zake kulia.

Na hapo hapo, katikati ya ile sauti tamu, tukasikia: *Kho!*

Glenys akageuza macho kwa Seth kama taa za basi. Seth akaendelea kupiga, machozi yanamtiririka, mpaka noti ya mwisho. Tukamaliza wimbo. Tulipozunguka nyuma ya karavani, hakuna aliyevua kofia kupumzika.

"Nimekisikia kikohozi," Glenys akasema.

"Si changu," Seth akajibu. Sauti haikutoka vizuri.

"Kilikuwa sikioni kwangu kabisa," Clifford akadakia. "Inasikitisha. Niko tayari, kiongozi, ukinihitaji kwenye kijiji kinachofuata."

Nikafungua mdomo, lakini Glenys akaniwahi.

"Nyamaza, Norris, nina macho. Clifford, ule mvuke wa Seth uliuona?"

"Nani hakuuona? Aibu tupu."

"Ulikatika?"

Clifford akaanza kurekebisha kofia yake.

"Mtu akikohoa ndani ya tarumbeta lenye mvuke, mvuke hutoka vipande vipande kama moshi wa treni. Ule ulitoka uzi mmoja mwanzo hadi mwisho. Nimeendesha basi nikitazama vioo vitatu kwa pamoja, sikosei kitu kama hicho. Ukaelekea wapi?"

Bendi nzima ikatazama kulia kwa Seth, mahali anaposimama yufonia ya pili.

"Mbona macho yamekujaa maji, Clifford?"

"Ni uzuri wa wimbo," Clifford akasema. Akashika shingo. Kisha akakohoa, kikohozi kirefu, kikavu, chenye harufu ya kastadi.

Glenys akachukua bendera iliyoegemezwa karavani, akamnyooshea. "Sheria niliyomwekea Seth haina jina la mtu."

Clifford akaipokea. Alionekana mdogo nyuma yake, na upepo ulikuwa unamfunika uso kwa kitambaa.

"Glenys," Seth akasema. "Pale ninapoimba, sauti ya pili atapiga nani?"

"Utaimba peke yako."

"Peke yangu nitakuwa mlevi tu anayelia njiani. Mrudishe." Akamtazama Clifford. "Lakini asimame upande unakotoka upepo."

Glenys alifikiri, akaichukua bendera, kisha akamnyooshea Seth kiganja. Seth akaelewa. Akatoa vepu, akaibusu, akaiweka kiganjani, ikaingia kwenye mkoba wa Glenys pamoja na funguo na pipi.

"Utaipata kila ukimaliza kupiga. Haya, kwenye basi, tunachelewa kijiji cha pili."

Kiti cha dirishani, nyuma ya dereva, ni cha yufonia ya kwanza. Clifford alikuwa amekikalia tangu asubuhi. Seth alipopanda na tarumbeta lake kifuani, Clifford akainuka mwenyewe, akapisha.