Hesabu ya Kuta za Mianzi

Mhandisi Yolima Arboleda alipanda kijijini, juu ya mji wa Salamina, akiwa na hesabu mbili daftarini. Ya kwanza ilikuwa hewa ya ukaa ambayo ingetoka kwenye viwanda vya saruji na nondo, na kwenye malori, kama shule ya zamani ingebomolewa ijengwe ya zege: tani mia mbili na kumi, kabla mtoto hata mmoja hajakaa darasani. Ya pili ilikuwa ya kuikarabati shule ileile, na kuta zake za mianzi na udongo: tani themanini.

Wazazi walimsikiliza kwa adabu, wakinywa maji ya moto ya sukari guru. Kisha akasimama mama aliyeitwa kwa heshima doña Otilia Cifuentes, mwenyekiti wa kamati ya shule. Bila kupaza sauti, alieleza jinsi ukuta wa udongo ulivyomfukia na kumuua bintiye Rubiela, akiwa na miaka sita, siku ya tetemeko la ardhi la miaka ya nyuma.

"Hewa ina wenyewe wa kuililia," alimaliza. "Mimi nataka zege, mwanangu."

Yolima angeweza kumwambia kwamba ukuta ule ulikuwa wa matofali mabichi, bila mwanzi hata mmoja ndani. Aliona si wakati wake. Akaomba wiki mbili.

Wiki hizo alipanda darini na bisibisi, akichoma mwanzi mmoja baada ya mwingine kutafuta uliooza. Alichimba pia pembeni mwa msingi. Upande wa bondeni ardhi ilikuwa laini. Msingi ungehitaji zege mara mbili ya kiasi alichoandika. Alipokokotoa upya, themanini zikawa mia moja na tatu. Mkuu wake wa kazi kule mjini Manizales alimshauri kwa simu asiwachanganye wanakijiji, kwani yale yalikuwa makadirio tu. Yolima alishukuru, akakata simu.

Kwenye kikao cha pili alianza na kosa lake. Minong'ono ikapita ukumbini. Doña Otilia akauliza:

"Nani amekulazimisha kusema?"

"Hakuna, doña. Nilikosea."

Yule mama akachukua shali yake, akamwambia ampeleke akauone huo ukuta wa mianzi.

Walikwenda wawili tu. Yolima alibandua lipu kidogo, mianzi ikaonekana imepangwa karibu karibu, imefungwa kwenye nguzo. Doña Otilia aliingiza mkono, akapapasa, akavuta kwa nguvu zake zote. Ukuta haukusogea.

"Wa Rubiela haukuwa na mifupa," alisema polepole. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Yolima alimshika bega.

Baadaye mama aliuliza kama pembe zote zingeweza kufungwa kwa chuma. Yolima alipiga hesabu palepale, akamwambia hilo lingeongeza tani sita.

"Ziandike."

"Nimeandika."

Kamati ilikubali, na ukarabati ukachukua miezi saba. Siku ya kufungua, watoto waliingia wakisukumana, doña Otilia akabaki kizingitini. Lori la kahawa likapita barabarani, sakafu ikatetemeka kidogo. Alishika mwimo wa mlango, akasubiri mpaka kukatulia. Kisha akaingia, akakaa dawati la nyuma na kumwomba mwalimu aendelee.