Sanda ya Bi Mwanajuma

Bi Mwanajuma wa Dunda hakuagiza tende, wala mswala, wala manukato ambayo kila anayekwenda umra husumbuliwa nayo. Aliagiza sanda yake ikaoshwe kwa maji ya zamzamu. Bafta aliinunua mwenyewe, akaikata kwa kipimo chake mwenyewe, akachana pia kamba za kufungia, akavitia vyote mfukoni na kumkabidhi bintiye Wahida kama anayempa mwenzake mtoto mchanga amshikie. Miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mwosha wa wanawake wa mtaa ule, na katika mambo ya sanda alikuwa mchaguzi kuliko bibi harusi.

"Mwosha huoshwa," alisema. "Iangalie sana, mwanangu. Isiguse mwili wa mtu mpaka iguse wangu."

Wahida aliitikia, lakini roho ilimsinyaa. Hakuwa na ndugu wala mume. Mama ndiye aliyekuwa watu wake wote. Kubeba sanda ya mama aliye hai, anayekula akashiba na kugombana na wauza samaki, kulimwogopesha asiseme.

Makka walifika salama, kundi zima nyuma ya Ustadhi Mikdad na kibendera chake cha kijani. Wahida alipangwa chumba kimoja na Bimdogo, mjane wa Kerege, mwenye maneno mengi na moyo mweupe. Umra ilipokwisha waliiosha ile sanda wote wawili, wakaitandaza juu ya kiti ikauke. Kamba Wahida alizirudisha ndani ya begi, akalitia kufuli.

Kulipokucha akaamka na homa.

Siku hiyo ilikuwa ya ziara, na basi lilikuwa linanguruma chini ya hoteli likingoja kuwapeleka watu Arafa. Ustadhi alileta dawa, akamwombea, akaangalia saa. Bimdogo alitaka kubaki, Wahida akakataa katakata. Mtu hatoki Kerege mpaka Makka kuja kumtazama mwenzake akitetemeka.

Walipoondoka, baridi ikamwingia barabara. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza moja kwa moja kitandani, na namna ya kukizima hakuijua. Alijifunika blanketi lake na la Bimdogo, meno bado yakagongana. Mkono ukapapasa, ukafika kwenye kiti, ukakamata nguo. Alijua ni nguo gani. Hilo ndilo lililomtesa baadaye: alijua, na akaivuta.

Ndani ya usingizi alisikia mtu ameinama juu yake. Alikuwa anahema kwa vituo, kama mwenye magoti mabovu aliyepanda ngazi. Miguu yake ikainuliwa taratibu, ikawekwa. Palinukia mafuta ya nazi yaliyochemshiwa karafuu. Wahida hakuogopa hata kidogo. Joto lilimpanda kutoka nyayoni mpaka kifuani, akalala kama mtoto.

Kilichomwamsha ni yowe la Bimdogo.

Alitaka kuinuka, mikono ikakataa. Sanda ilikuwa imekunjwa mwilini mwake, upande mmoja juu ya mwenziwe, sawasawa na inavyotakiwa. Imefungwa miguuni, imefungwa kiunoni. Kichwani tu ndiko kulikoachwa wazi.

"Nani kakufunga, Wahida?" Bimdogo alikuwa analia. "Nani? Mlango nimeukuta umefungwa!"

"Kamba zimo begini," Wahida alisema.

Walitazama begi. Kufuli lilikuwa mahali pake, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Wahida, ndani ya sanda.

Bimdogo alivuta ncha ya kamba ya miguuni na fundo likafunguka lote kwa mvuto mmoja. Wahida akalitambua. Utotoni alikuwa na tabia ya kurusha shuka kwa mateke, na mama alimfunga khanga miguuni kwa fundo hilihili, lisilolegea hata ujigeuze vipi, ila livutwe ncha.

Homa ilikuwa imekwisha kabisa. Waliapishana wasimwambie mtu, maana Ustadhi angejua, kundi zima lingesomewa mpaka uwanja wa ndege. Sanda ikaoshwa upya. Ndipo Wahida akapiga simu nyumbani.

Mama alipokea kwa sauti nzito, ya mtu aliyetoka kuamshwa.

"Umepoa?" akauliza.

Wahida hakuwa amemwambia mtu yeyote Dunda kwamba anaumwa.

Tangu hapo hakupata raha. Madina alitembea na kundi, akaitikia dua, lakini macho yalikuwa kwenye lile begi. Watu wa pwani husema sanda ikishavalishwa mtu hairudi bure. Je, ameazima kifo cha mama yake akakitolea jasho? Na akimrudishia, atakuwa amemrudishia nini?

Alifika nyumbani asubuhi, majirani wakampokea kwa vigelegele wakamaliza tende zote. Walipotawanyika, akaingia chumbani na begi mkononi. Mama alikuwa amekaa kitandani, miguu imenyooshwa, uso umekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, hajati wangu. Keti. Kabla hujafungua hilo begi, nisikilize." Alivuta pumzi kwa vituo. "Siku ile nililala mchana, si kawaida yangu. Nikakuona unatetemeka. Nikakufunika kwa kilichokuwa karibu, nikakufunga miguu usije ukakirusha, unajijua ulivyo. Nilipogeuka, kulikuwa na watu mlangoni, sura zao sikuziona. Wakaniuliza, 'Umempa yako, sasa wewe utavaa nini?' Nikawajibu, 'Nitavaa hiyohiyo, ikirudi.'"

Nje muuza maandazi alipita akinadi.

"Imerudi?" mama akauliza.

Begi lilikuwa miguuni mwa Wahida. Hakuwahi kumdanganya mama yake tangu akue, na alikuwa ametoka kwenye nyumba ya Mungu juzi tu. Ustadhi Mikdad angekuwepo angesema hizi ni ndoto za uzee, siku ya mtu ya kufa haicheleweshwi kwa nguo. Ni kweli. Lakini Ustadhi hakufungwa lile fundo.

"Haikurudi, mama," Wahida alisema. "Imepotea hotelini."

Bi Mwanajuma akainama, akaweka pua karibu na begi, akanusa.

"Mimi mwosha, Wahida," alisema taratibu. "Sanda naijua hata iwe chini ya kaburi."

Wahida akaanza kulia. Alitaka kupiga magoti aombe radhi, lakini mama alimshika mkono kwa nguvu ambayo hakuitegemea. Alimng'ang'ania kama mtu anayezama. Miaka yote hii, akimsikia mama akitaja kifo chake kwa kukipangia, Wahida alidhani hakiogopi.

"Usilie," mama alinong'ona, macho yakienda mlangoni, pasipokuwa na mtu. "Sema tena. Sema kwa sauti, mwanangu, wasikie."

Wahida akageukia mlango ulio wazi, akapaza sauti.

"Sanda haikurudi!"

Muuza maandazi alinyamaza barabarani. Bi Mwanajuma akakunja miguu yake, akaifunika vizuri kwa khanga, akaomba chai.