Mahali pa Kuvuta Pumzi

...na wala si wivu, wivu wa nini, Epifania ana shamba lake la maharage Kagerankanda, ana mume asiyelewa na binti anayemwita mama, wivu ni wa watu wasio na kazi, ila sauti ile redioni ilikuwa inamkera tu, basi, kama mchanga kwenye wali, na Anifa msusi akaiongeza kwa makusudi kisha akarudi kuvuta nywele za kisogoni, "tulia kichwa, mama Ange," akavuta mpaka machozi yakamlengalenga, afadhali, angalau sasa yana sababu... "malkia wa muziki wa hausi, wapenzi wasikilizaji, Nadine, Jumamosi hii yupo hapahapa Kasulu, usipokuja umejitakia mwenyewe!"... malkia, yoo, malkia wa wapi, Nadine huyuhuyu aliyekuwa anapiga mswaki kwa mkaa kule Mtabila, kambi ya wakimbizi wa Burundi, waliyelala naye mkeka mmoja, wakasimama bega kwa bega kwenye kwaya, kanisa lenyewe maturubai, mwalimu Leonidasi mbele yao akipiga ngoma ya dumu la mafuta, Nadine anauliza, Epifania anajibu, *nani ameniwashia taa*, *ni mimi, bado nakesha*, na watu walikuwa wanalia kwenye jibu, si kwenye swali, hilo kambi nzima ililijua, sasa imekuwaje swali likafika Bujumbura, likafika Kampala, likafika Dar na kuwekewa mashine za ngoma mpaka watu wanaruka usiku kucha bia mkononi wakiitikia haleluya, na jibu likabaki Kagerankanda linapalilia maharage? Kambi ilipofungwa Nadine alipandishwa lori kurudi Burundi na wazazi wake, analia kamasi mpaka kifuani, na Epifania, ambaye alikwishaolewa na Benedicto, Mha wa hapahapa, alibaki akimwonea huruma, alimwonea huruma jamani, alimpa hata kitenge chake kizuri, kumbe wa kuonewa huruma alikuwa yeye aliyebaki. Aliyepewa kapewa, wanasema, na wanaosema hivyo ni haohao waliopewa. Kanisani aliwaambia akina mama kwamba msichana yule amempeleka Yesu baa, akayasema kwa uchungu wa kiroho kabisa, wakaitikia amina, na jioni ile wimbo ulipopigwa kwa jirani kiuno chake kikasaliti, akajikuta anasonga ugali kwa mdundo, Ange akacheka, akamfokea mtoto bure... "Lakini huyu si aliishi huku kambini?" Anifa aliuliza, mtu wa Tanga huyo, haachi jambo lipite, "unamjua, shoga?" na Epifania angeweza kusema, angesema ninamjua mpaka kovu la gotini, angesema kwenye mkoba huu uliopo miguuni pangu mna simu, na kwenye simu mna ujumbe wake, *dada, Jumamosi njoo, nakusubiri jukwaani*, ujumbe ambao hajaujibu wala hataujibu, jukwaani akafanye nini, amshikie chupa ya maji? Hendi. Ndiyo maana alipokaa kitini aliomba twende kilioni, mistari ya haraka ya kwendea msibani, mtu hajipambi kwa malkia na twende kilioni, au siyo... "Namsikiasikia tu," alisema, na jogoo hakuwika, ila wimbo ulianza.

Ulianza kwa kinanda, kisha ule mdundo unaogonga kifuani, kisha sauti, Mungu amsamehe, sauti ilikuwa imekua, imepata vumbi na asali, *nani ameniwashia taa*, na pale pa jibu, kimya. Mara ya kwanza aliusikia stendi ya Kibondo, akitoka kwa wifi yake, na damu ilimchemka palepale, amenikata, sauti yangu ameiona ya kishamba akaikata, akapanda gari kabla wimbo haujaisha, na tangu siku ile kila ulipoanza aliondoka, alizima, alijisemesha kwa nguvu. Leo Anifa amemshika kichwa, hana pa kwenda. Kimya, na ngoma nayo ilinyamaza, na ndani ya kimya kile mtu alivuta pumzi... pumzi moja, wazi kabisa, kwenye wimbo wa kurukia, nani anaacha pumzi ya namna hiyo, fundi wa studio angeifuta, labda aliambiwa asiifute... labda aliambiwa. Leonidasi! Leonidasi na sheria yake, miezi ile ya mwisho, kila Jumapili familia nyingine imeondoka, akasimama mbele yao akasema, aliyekufa tutampa mwingine sehemu yake, lakini aliyeondoka mzima haimbiwi na mtu, tutavuta pumzi pale, tutapita kimya, mpaka arudi, na nyimbo zikatoboka kama chekecheke mpaka kwaya ikawa inapumua kuliko kuimba, na wao wawili wakicheka kwa siri chini ya kitambaa... Kwa hiyo hajakatwa. Nafasi ile ni yake, imezungushwa Bujumbura na Kampala na Dar ikiwa tupu, walevi wote wale wameruka juu yake bila kujua, na yeye ameitukana mbele ya kanisa. Angetarajia wivu uondoke. Haukuondoka, uligeuka tu ukatazama upande mwingine, maana Jumamosi jukwaani kutakuwa na vibinti vya kuitikia, vya kucha ndefu, na kimoja kikiona pengo kitadhani ni lake, kitaingia, kitaimba kwa pua, hapo, pale pake... thubutu.

*Nani ameniwashia taa*, Nadine aliuliza tena redioni, na Epifania alivuta pumzi, midomo ikaenda bila sauti, na haikuchelewa hata kidogo.

"Kichwa, mama Ange!"

"Anifa."

"Abee."

"Hizi zifumue."

"We! Upande mzima nimeshamaliza!"

"Zifumue, mama we. Nisuke rasta, ndefu, zifike kiunoni."