Canterei kwa Michi Mitatu

Wiki nzima Sista Generosa, anayenifundisha Kiitaliano kwa simu, alinirudisha kwenye neno lile lile: can-te-rei. Vipande vitatu, alisema, na uzito ukae kwenye cha mwisho. Mimi nilikazia cha katikati, kama tunavyotamka Kiswahili. Nikamwambia mama lugha hii imenishinda.

Mama, asiyependa manung'uniko, alinipa mchi. Tulitwanga mtama watatu kwa kupokezana: mama akapiga can, dada Limi akapiga te, nami mwenye mchi mzito nikashusha rei. Kinu kikaitika. Sikukosea tena, tukacheka mpaka mtama ukaruka nje.

"Maana yake nini?" mama akauliza.

"Ningeimba."

"Sasa si uimbe, unangoja nini?"