Nepi Kwenye Chumba cha Mashine

Nilishasema, wakaniona mkorofi. Mie ndiye dobi wa hospitali hii ya Temeke, nguo zote zinapita mikononi mwangu. Lakini masika yalipokaza na kamba za nje zikawa hazifai kitu, Sista Demetria, mkubwa wa wodi, akaamuru nepi zianikwe kwenye chumba cha mashine ya umeme. Eti kuna joto! Bwana Haiderali aliyetuchangia ile mashine alikwishakataza: humo kisiwekwe kitu, na pipa la dizeli likae nje. Pipa likabaki ndani, lisiibwe. Nepi zikaning'inizwa juu ya bomba la moshi kama bendera za sikukuu.

Alasiri moja mvua ikakata umeme wa mji, na mawingu yakafanya giza kama magharibi. Mashine ikawashwa haraka, maana mwanangu Adelina alikuwa mezani anapasuliwa ili mtoto atoke. Mimba yake ya kwanza. Nimekaa barazani roho mkononi, mara nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua.

Nikatoka mbio. Jabiri, fundi wa mashine, alikuwa mlangoni na ndoo ya mchanga, anakohoa. Nepi zinawaka, cheche zinaangukia karibu na pipa.

"Nafunga koki ya mafuta, Mama Adelina!"

"Thubutu!" Nikamkaba shati. "Mwanangu ana kisu tumboni! Watamshona gizani?"

"Wawashe karabai..."

"Karabai haiingii mle, dawa ya usingizi inashika moto! We vipi?"

Akanionyesha ukuta kwa kidole. Nyuma yake ndiyo wodi ya wazazi, imejaa wanawake na vichanga, wengine hawawezi hata kusimama.

Yesu wangu! Nikamwachia. Jabiri akamwaga mchanga kuzunguka pipa, mie nikaingia nikazivuta zile nepi kwa mikono mitupu, nikazikanyaga. Wapi! Moto ulishapanda kwenye mbao za paa, na mpira wa mafuta ukaanza kufuka. Koki ilikuwa upande wangu. Nikaifunga mwenyewe. Mashine ikakohoa, ikanyamaza, na taa zote zikazimika.

"Adelina, nisamehe," nikasema kwa sauti.

Moto tuliuzima kwa mchanga na mablanketi yaliyoloa. Kisha nikaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Sikuthubutu kubisha. Ndani kimya, mvua tu juu ya bati. Nilimwomba Mungu hadi maneno yakaniishia.

Mlango ukafunguka. Daktari huyo, tochi mkononi, aproni imejaa damu.

"Nani kazima mashine? Nimemshona mtu kwa tochi!"

"Mie."

"Unajua kwamba ungemuua?"

"Najua. Ni mwanangu."

Akanimulika usoni, kisha mikononi, kwenye malengelenge. Akaishusha tochi.

"Ingia," akasema. "Ameshazinduka, anakuita. Mtoto ni wa kike."