Ukili wa Ahadi katika Nchi ya Tutani

Nchi ya Tutani ipo, lakini usiitafute katika ramani, kwa kuwa wachoraji waliahidi kuichora, wakashukuriwa, wakaenda zao kupumzika. Iko kati ya Mlima Kesho, ambao kilele chake huonekana kila asubuhi na hakuna aliyekipanda, na Mto Karibu, ambao uko mbali. Mgeni akiuliza njia huambiwa, "Utafika," naye hushukuru. Na kweli wengine hufika, hasa wale wasioharakisha kushukuru.

Wenyeji hudai kuwa nchi ilipewa jina hilo kwa sababu ya matuta ya viazi yaliyoinuliwa na mababu zao. Huenda. Matuta yapo hata leo, yamenyooka kama safu za swala. Viazi ndivyo havimo. Lakini msafiri mwenye masikio, akikaa kibarazani tangu alfajiri hadi adhuhuri, atapata asili nyingine ya jina hilo, maana kila kauli ya Mtutani huanza nalo: tutalima, tutajenga, tutazibua kisima, tutawatazama wagonjwa. Kwingineko duniani neno hilo ni mlango wa kazi. Tutani ni nyumba nzima, na watu hulala humo.

Chanzo cha usingizi huo kilikuwa ni sheria moja, iliyochongwa juu ya jiwe mbele ya baraza la hukumu. (Jiwe lilichongwa na fundi mgeni, ndiyo maana lipo.) Sheria ilisema hivi: *Aahidiye mbele ya watu na ashukuriwe papo hapo; na ashukuriwaye hadaiwi.* Waliotunga walikuwa na nia njema. Waliona kuwa mtenda ihsani hufa mara nyingi kabla ya kusikia shukurani, wakaona ni heri shukurani itangulie. Lakini shukurani ni kama chumvi: ukiila kabla ya chakula hushibi, na chakula chenyewe kikija hukitamani tena.

Katika nchi hiyo hapakuwa na kundi lililoshukuriwa kuliko Chama cha Vidole Kumi. Hiki kilikuwa chama cha wasusi wa mikeka, mafundi wa kuzaliwa, ambao mababu zao walisifika kwa kusuka mikeka iliyoshikana hata maji yakimwagika juu yake yalisita kwanza. Chama kilijitolea. Hakuna aliyeweza kukinyima sifa hiyo; kilijitolea kila mwezi, hadharani, kwa sauti. Mkuu wake, Bwana Muahidi bin Hotuba, mtu mnene, mkunjufu, mwenye ndevu zilizochanwa na moyo usio na kinyongo, alikuwa akisimama mbele ya umati na kutangaza mipango ijayo: chama kitatandika madrasa yote, kitawafundisha wajane kusuka makawa ya kufunikia chakula na pepeo, kitawafunika wauza samaki kwa majamvi ya kivuli, kitakata ukindu bondeni na kugawa bure kwa kila mwenye vidole. Kila tangazo lilipotoka, umati ulipiga makofi mpaka njiwa wakahama. Na vidole kumi ambavyo Mola aliviumba kwa kusuka, vikazoea kukutana viwili viwili kwa kelele.

Palikuwa na ada moja zaidi, nayo ishikwe, maana kisa hiki kimening'inia juu yake. Kila ahadi ilipotolewa, msusi mmoja alisuka kipande cha ukili chenye urefu wa pima, akakipunga mbele ya watu, kisha akakitundika ukutani mwa nyumba ya chama, kuwa ushahidi wa nia. Ukili, kwa asiyejua, ni ule utepe mwembamba wa majani ya mkindu; tepe nyingi zikishonwa ubavu kwa ubavu, huo ndio mkeka. Utepe mmoja pekee haukaliwi hata na paka. Miaka ikapita, kuta zikajaa tepe, nyekundu, zambarau, kijani, na za kale zilizopauka kama ulimi wa mgonjwa. Wageni wakizuru, Bwana Muahidi aliwaonyesha kwa kidole. "Hizi ni kazi zetu," akisema. Na kwa desturi ya nchi, hakuwa akisema uongo.

Sasa, ng'ambo ya soko palikuwa na nyumba ya kina mama wanaojifungua, iitwayo Salama. Mkunga wake, na hapakuwa na mwingine, alikuwa Bi Haja, mwanamke mfupi, mjane, mwenye mikono ya joto na ulimi usiopozwa. Sakafu ya Salama ilikuwa ya mawe, na wakati wa kipupwe mawe yale yalikuwa na baridi ya kuuma mifupa. Chama kiliahidi kuitandika nyumba ile tangu watoto ambao sasa wanaota meno ya pili walipokuwa bado matumboni. Bi Haja alishukuru siku ile kama wenzake wote, tena kwa vigelegele. Kisha wanawake wakaendelea kuzaa juu ya magunia ya unga.

Haya yangeendelea bila kumkosesha mtu usingizi, lakini kipupwe cha mwaka ule kilimkuta mkwewe Bi Haja, binti aitwaye Riziki, ana mimba ya miezi minane na kifua kinachokohoa. Mumewe, Safari, alikuwa hayupo, kama jina lake. Bi Haja akautazama ule mwili mwembamba, akaitazama sakafu, akajifunga kanga, akaenda kwenye mkutano wa chama.

Alimkuta Bwana Muahidi ndiyo kwanza ametangaza kuwa watasuka zulia la ukindu toka sokoni hadi mtoni. Makofi yalipotulia Bi Haja akasimama.

"Bwana Muahidi, samahani. Nimekuja kuchukua asante yangu."

"Asante ipi, Bi Haja?"

"Ile niliyowapa kwa mikeka ya Salama. Nina kazi nayo."

Watu wakacheka. Bwana Muahidi akacheka pia, kwa kuwa hakuwa mtu wa hasira. "Asante hairudi, Bi Haja. Tumeshaila."

"Kama mmeila basi mmeshiba. Aliyeshiba hufanya kazi."

"Na ukirudishiwa utaipeleka wapi?"

"Kwa mbuzi wangu. Amenipa maziwa asubuhi ya leo, wala hakunitangazia."

Kicheko kikakatika. Maana kumfananisha Mkuu wa Vidole Kumi na mbuzi lilikuwa jambo moja, lakini kumweka chini ya mbuzi lilikuwa jingine. Na kudai asante irudi lilikuwa jambo lisilo na mfano tangu jiwe lilipochongwa. Kabla jua halijatua, Bi Haja alikuwa ameshitakiwa kwa kosa la kupokonya shukurani.

Hukumu ikawekwa asubuhi ya wiki iliyofuata. Kadhi wa Tutani aliitwa Herufi bin Nukta, mzee mkavu aliyeishika sheria kama mtoto ashikavyo pipi, hakuna wa kumwachisha. Na udhaifu wake ndio uliokuwa fadhila yake, kwani hakuwahi kumpendelea mtu dhidi ya neno. Watu walijaa baraza lote. Riziki naye alikuja, ingawa alikatazwa, akaegemea nguzo, mkono mmoja kiunoni.

Bwana Muahidi alizungumza kwanza, kwa ufasaha uliowatoa watu machozi. Alisema kuwa ihsani ni mche mchanga na shukurani ndiyo maji yake. Kwamba akinyang'anywa mtu maji aliyokwisha kunywa, hapana budi kupasuliwa tumbo. Kwamba leo ni asante ya mikeka, kesho itakuwa asante ya madrasa, na nchi itabaki ukiwa. "Hatumchukii Bi Haja," akamalizia. "Tutamsamehe."

Umati ukapiga makofi kwa msamaha huo, ambao haukutolewa.

"Mshitakiwa una neno?" akauliza Kadhi.

"Ninalo dogo, Mheshimiwa. Ninapomvuta mtoto duniani huwa simwambii mama yake 'hongera' kabla sijasikia kilio. Nikitanguliza hongera naogopa mikono italegea. Basi."

Kadhi Herufi akalifikiri neno hilo, akaliona zuri, akaliona pia halimo juu ya jiwe. Akahukumu kuwa Bi Haja ana hatia. Adhabu: aisukie nyumba ya chama mkeka mmoja mkubwa, wa kutosha wanachama wote, kwa mikono yake, na mpaka adhabu hiyo itimie, asikanyage kizingiti cha Salama.

Mkeka kama huo ni kazi ya miezi, hata kwa fundi. Na Bi Haja hakuwa fundi. Macho yakaenda kwa Riziki pale nguzoni, yakarudi haraka. Bwana Muahidi mwenyewe alionekana kama mtu aliyerusha jiwe kuangusha embe, likapita na kuvunja dirisha la jirani. Alitaka ushindi, hayo mengine hakuyaomba.

Bi Haja akalisoma jiwe la sheria polepole, midomo ikicheza, kama anayelisoma kwa mara ya kwanza. Kisha akageuka kuwaelekea watu.

"Mbele yenu nyote," akasema, "nitausuka."

Makofi hayakuja.

"Mbona mmenuna? Nimeahidi. Nitausuka mkeka, mpana, wa rangi saba, wenye pindo maradufu. Nitaanza."

Nyuma kabisa bibi mmoja kiziwi, aliyeona tu mdomo ukiahidi, akapiga makofi. Jirani yake akamfuata, halafu safu nzima, halafu baraza lote, kwa kuwa viganja vya Tutani vilikuwa vimeacha siku nyingi kuomba ruhusa kwa vichwa. Na makofi yalipokwisha, Kadhi Herufi, ambaye hakuwa na njia nyingine, akainamisha kilemba.

"Asante, Bi Haja," akasema. "Na ashukuriwaye hadaiwi. Adhabu imetimia. Nenda kazini kwako."

"Ati imetimia?" Bwana Muahidi akaruka toka kitini. "Mkeka uko wapi?"

Kadhi akaweka mkono nyuma ya sikio. "Rudia swali lako, Bwana Muahidi."

"Nimeuliza..." Sauti ikapungua. "Mkeka uko wapi."

"Tangu nilipokalia kiti hiki," akasema Kadhi, "swali hilo halijaulizwa mbele yangu. Silioni kwenye jiwe, lakini silioni likikatazwa. Basi nakupa hiari. Ukilifuta, Bi Haja yuko huru. Ukiliacha, litakuwa halali kwako, na likiwa halali kwako ni halali kwa kila mtu. Mikeka ya Salama iko wapi? Majamvi ya wauza samaki yako wapi? Mimi mwenyewe niliahidiwa kitambara cha kuswalia. Chagua."

Bwana Muahidi akafuta jasho katika baridi ile. Kulifuta swali kulikuwa rahisi, na heshima yake ingebaki nzima. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka kulifuta, pale Riziki alipoiachia nguzo, akajikunja, akapumua kwa meno.

"Mama," akamwita mkwewe. "Naona tayari."

"Bado wiki tatu, mwanangu," akasema mtu mmoja, kama kumshauri.

Riziki akamtazama, kisha akamtazama Bwana Muahidi. "Huyu hakuahidi siku," akasema. "Anakuja tu."

Bwana Muahidi, msusi aliyezaliwa fundi, na mjukuu wa mafundi, akavitazama vidole vyake. "Swali libaki," akasema. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakungoja kupigiwa makofi. Alikuwa ameshatoka nje, kanzu ameipandisha kwa mkono, akikimbia kama mtu mnene akimbiavyo, kuelekea nyumba ya chama.

Ukindu mbichi haufai, ulihitaji kukaushwa na kuchanwa. Hilo lilijulikana kwa wote. Lakini kutani zilining'inia zile tepe. Wanachama, waliomfuata mbio, wakazibandua kwa mafungu, vumbi likiwapofusha, wakazimwaga uwanjani mbele ya Salama: ukili wa madrasa, ukili wa wajane, ukili wa kisima, ukili wa zulia la mtoni ambao rangi yake ilikuwa haijapauka. Wanachama wakaketi safu mbili, wakatafuta sindano, wakaanza kushona.

"Vuta kwako."

"Wewe ndiye unayelegeza. Umesahau?"

"Sijasahau, vidole ndivyo vimesahau. Huu mwekundu ni wa nani?"

"Ni wako. Uliahidi kuwatandikia yatima."

"Basi ushone, usinisomee."

Kutoka ndani Bi Haja alisikika akisema, "Pumua, mwanangu, wasusi wanagombana, dalili njema." Mkeka ulipofika upana wa mtu wakaupitisha mlangoni, wakaendelea na wa pili. Ule wa kwanza ulikuwa na mabaka kama joho la fakiri, mwekundu ubavuni mwa uliopauka, na pindo haukuwa nalo kabisa. Lakini ulikuwa mkeka. Alasiri ile Riziki alijifungua juu yake mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa.

Kesho yake Bwana Muahidi alikuja na sindano kushona pindo. Akaruhusiwa, akapiga magoti na kushona kuzunguka mtoto aliyelala, akishusha pumzi. Alipomaliza hakuondoka, alibaki pale kama mtu aliyesahau kitu. Bi Haja akauketia mkeka, akajisogeza huku, akajisogeza kule, akaupapasa kwa kiganja.

"Hapa pana kinundu," akasema. Kisha akasema, "Asante."

Lilikuwa neno moja, bila kigelegele, na Bwana Muahidi alilibeba mpaka nyumbani kama mtu abebaye maji kwa viganja.

Kadhi Herufi akamwita tena yule fundi mgeni, sheria ikaongezwa mstari mmoja: *Mwenye kushukuru na ashukuru akiwa amekaa juu yake.* Mtoto wakamwita Pindo. Na mkutano wa chama wa mwezi uliofuata ulijaa kama kawaida, watu wakitaka kusikia mipango ijayo. Bwana Muahidi akapanda jukwaani, akasafisha koo, akainua mkono.

"Ndugu zangu, mwezi ujao tuta..."

Macho yake yakamwangukia Bi Haja kwenye safu ya mbele, ameketi juu ya ardhi tupu, mikono yake ameificha ndani ya kanga, hana haraka. Kuta za nyumba ya chama zilikuwa nyeupe kama ganda la yai, na chini yake limelazwa fungu la ukindu uliokaushwa.

Akaimeza silabi iliyobaki, akashuka jukwaani, akaketi kati ya wasusi wenzake, akasema, "Hebu nipitishie ule ukindu."