Bawa la Mlingoti wa Mkonge

Fanueli alikuwa seremala katika shamba la mkonge upande wa Kigombe. Wazazi wake Walutheri walishuka kutoka milimani kuja kukata mkonge, naye akakulia huko huko. Saud bin Khalifa, mtoto wa mwenye minazi wa Pangani, alikuwa fundi redio mjini Tanga. Walijuana mwaka 1957, Fanueli alipompelekea redio ya mchungaji. Dukani kwa Saud palikuwa pamebandikwa picha ya ndege ndogo inayoongozwa kwa redio na mtu aliyesimama chini, nayo imepaa tumbo juu. Waliitazama wote wawili, na tangu siku hiyo wakawa chanda na pete.

Mwaka mzima walikutana kila Jumapili baada ya ibada. Saud aliunda sanduku la redio la kuongozea, Fanueli akaunda ndege. Mbao nyepesi za Ulaya hazikupatikana, basi akajaribu mlingoti wa mkonge, ule mti mrefu unaochomoza mkonge ukishazeeka. Aliukausha, akauchana vipande vyembamba, akavigandisha kwa gundi. Mabawa saba yalivunjika. La nane likashika. Ndege ikapiga duara tatu mfululizo, ikabingirika, ikaruka kichalichali bila kuyumba. Mvulana yeyote angeshangilia. Wao waliifuata kwa macho mpaka ilipotua. Ndipo Saud akamshika bega, akasema, "Hii ni yetu, ndugu yangu. Siku ya mashindano ya ndege tutasimama wote."

Mashindano yalifanyika Raskazone, hapo hapo Tanga, Agosti iliyofuata. Fanueli alifika na shati lake la kanisani. Karani wa mlangoni akapekua orodha, jina lake halikuwamo, akamwelekeza nyuma ya kamba waliposimama watazamaji. Alidhani karani kakosea. Kisha kipaza sauti kikatangaza ndege iliyobuniwa na kuundwa na Saud bin Khalifa, peke yake. Saud alisikia, wala hakugeuka.

Katika mruko wa kwanza ndege iliwashinda wote, lakini wakati wa kutua ikagonga jiwe, bawa likapasuka. Saud akaja mbio hadi kwenye kamba, ameibeba kifuani.

"Nifungie, Fanueli. Nina nusu saa tu."

"Mbona umejiandika peke yako?"

"Fomu ina nafasi ya jina moja. Nikishinda nitawaambia, wallahi."

Fanueli alitaka kukataa. Lakini bawa lilikuwa tayari mikononi mwake, na hakuweza kulitazama likining'inia namna ile. Akatoa uzi na gundi mfukoni, akalifunga.

Mruko wa pili hakuna aliyeufikia. Saud akapewa kikombe. Mwamuzi mmoja, Mwingereza mzee aliyejua kazi ile, akalipapasa bawa na kuuliza ni mti gani. Saud akajibu kwamba aliugundua mwenyewe akitembea mashambani. Na yule aliyelifunga pale kambani ni nani, mwamuzi akauliza.

"Yule ni mtumishi wangu tu," Saud akasema.

Fanueli alisimama hatua nne kutoka hapo. Akaondoka, akatembea kwa miguu hadi stendi bila kumuaga mtu.

Wiki tatu baadaye Saud alifika Kigombe. Akampa shikamoo mama yake Fanueli, Bi Praxeda, ambaye hakuambiwa lolote, akamkaribisha chai. Saud akaeleza kwamba amealikwa Nairobi, anahitaji ndege mbili zaidi, na safari hii jina la Fanueli litaandikwa. Fanueli alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilisema vile kwa sababu ya wale watu," Saud akaongeza.

"Hata mimi nilikuwa mtu pale," Fanueli akasema. Akasimama, akamsindikiza hadi barabarani kama mgeni mwingine yeyote.

Kikombe hakikumuuma sana. Kilichomuuma ni Jumapili. Akitoka kanisani miguu ilikuwa ikielekea njia ya mjini kabla hajaizuia. Baadaye wengine walisema ndege ya Saud ilianguka Nairobi, wengine walisema ilishinda. Yeye hakuuliza.